Kura Huombwa kwa Kiswahili, Fomu Hujazwa kwa Kiingereza

Ziko sentensi tatu ambazo kila Mkenya aliyewahi kutafuta huduma katika afisi ya serikali amezisikia, awe ametoka Vanga au Lodwar, awe amekwenda kutafuta cheti cha kuzaliwa au malipo ya uzeeni ya marehemu babake. Ya kwanza ni "faili haionekani". Ya pili ni "mkubwa hayupo". Ya tatu, ambayo huja nyuma ya hizo mbili kama kiitikio cha wimbo, ni "njoo kesho". Siku hizi imezaliwa ya nne, "mtandao umeanguka", nayo imekaribishwa na dada zake kwa mikono miwili.

Mimi ni mwalimu wa isimu, na mazoea ya kazi yangu hayaniruhusu kuisikia sentensi bila ya kutaka kuipasua nione imeundwa vipi. Hizi nimezipasua mara nyingi, tena nikiwa nimeketi kwenye mabenchi ya afisi hizo hizo. Tazama, msomaji, kitenzi "haionekani". Kiko katika ile kauli ambayo walimu wa sarufi huiita kauli ya kutendeka. Kauli ya kutendwa humkubali mtenda: faili imefichwa na karani, faili imepelekwa nyumbani na mkuu wa idara. Kauli ya kutendeka humkataa katakata. Hali ni hiyo hiyo kwa kitenzi "kupotea". Jaribu kusema "faili imepotea na karani" uone kama utakuwa umemshtaki karani. Utakuwa umesema tu kwamba wamepotea wote wawili. Kwa hivyo mtu anayekuambia kuwa faili haionekani amekukabidhi sentensi isiyo na binadamu ndani yake. Hakuna aliyeiweka faili, hakuna aliyeitafuta, na hakuna atakayeulizwa. "Mkubwa hayupo" nayo hukueleza mahali ambapo mkubwa hayuko, lakini haikuelezi aliko. Na ile kesho ya "njoo kesho" si siku inayofuata leo. Ni kesho isiyo na tarehe, ambayo haiwezi kuandikwa katika kalenda yoyote.

Sikuanza na sarufi kwa kutaka mzaha. Nimeanza nayo kwa sababu lugha hii ya kukwepa ina faida kwa watu fulani, na tusipowataja watu hao tutaendelea kulalamika hadi wajukuu wetu waurithi wimbo huu.

Kwa muda mrefu tumezoea kuyalalamikia mambo mawili kana kwamba ni maradhi mawili tofauti. Tunalalamikia afisi za serikali, kwamba ni nzito, zinapenda karatasi na zinadharau watu. Kisha tunageuza ukurasa na kuwalalamikia wanasiasa, kwamba hawajali ila matumbo yao. Rai yangu ni kwamba hii ni biashara moja yenye maduka mawili. Afisi huweka kizuizi, naye mwanasiasa huuza njia ya kukipita kizuizi hicho. Siku ambayo mwananchi ataweza kuingia afisini asubuhi na kutoka adhuhuri na haki yake mkononi, wanasiasa wa aina hiyo watakuwa hawana bidhaa ya kupeleka sokoni.

Walimu ndio wanaoijua biashara hii vyema zaidi, hasa msimu wa basari. Mwalimu mmoja niliyewahi kumfundisha, ambaye sasa anasomesha katika shule ya upili ya kutwa mbali sana na jiji, alinieleza kuhusu kazi ambayo haimo katika mkataba wake wa ajira. Kila fomu za basari zinapotolewa, wazazi humiminika shuleni jioni ili awajazie. Fomu yenyewe ni kurasa kadhaa za Kiingereza. Inauliza mapato ya familia kwa mwaka. Inauliza karo za ndugu wote wa mwanafunzi na zinalipwa na nani. Inataka sahihi na muhuri wa chifu, wa mwalimu mkuu na wa kiongozi wa dini, pamoja na nakala za vitambulisho vya wazazi au, kama wamefariki, vyeti vya vifo, ambavyo navyo vina safari yake na benchi lake.

Jioni moja alikuja ajuza aliyekuwa akimlea mjukuu wake. Walipofika kwenye swali la mapato, mwalimu alimtafsiria kwa upole: bibi, kwa mwaka mzima unapata pesa ngapi? Ajuza alifikiri kidogo kisha akauliza, "Mwalimu, unataka nikwambie zile ninazopata au zile zinazobaki?" Mwalimu hakujua la kumjibu. Fomu ilikuwa na kisanduku kimoja tu, na kisanduku kilitaka tarakimu. Nimewahi kusoma maandishi ya wanauchumi juu ya umaskini wa mashambani, na sikumbuki swali lililonigusa kama hilo.

Ajuza alikwenda kwa chifu mara tatu kutafuta muhuri. Mara ya kwanza chifu alikuwa mkutanoni. Mara ya pili muhuri ulikuwa umefungiwa kabatini na ufunguo umechukuliwa. Mara ya tatu chifu alikuwa amekwenda kumpokea mheshimiwa mbunge, aliyekuja kuhutubia wananchi uwanjani. Tarehe ya mwisho ilikuwa imepita. Ajuza, kwa vile alikuwa ameshalipa nauli, aliamua kufuata umati hadi uwanjani, na pale akamwona msaidizi wa mheshimiwa, akamweleza shida yake. Msaidizi aliandika jina la mtoto kwenye karatasi, akaandika nambari ya kitambulisho, basi. Baada ya wiki chache fedha ziliingia shuleni. Hakuna chifu, hakuna muhuri, hakuna tarehe ya mwisho. Ajuza alirudi kwa mwalimu kumshukuru, akasema, "Mheshimiwa ametukumbuka."

Hapo ndipo pa kutazamwa. Hazina ya Ustawi wa Maeneo Bunge ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003, na fedha zake hutoka katika kodi. Ajuza yule hulipa kodi kila anaponunua sabuni na muda wa maongezi wa simu. Alichopewa kilikuwa chake. Lakini kwa kuwa njia ya halali ilikuwa imezibwa, alikipokea kama zawadi, na zawadi humtaka aliyepewa amkumbuke mtoaji. Lau chifu angekuwa afisini siku ile ya kwanza, bibi angepata haki yake na mheshimiwa asingepata chochote. Sisemi kwamba mbunge huyo alimwamuru chifu atoweke. Mambo haya hayahitaji njama. Yanahitaji tu kwamba kila mtu aliyefaidika na kizuizi asiwe na sababu ya kukiondoa.

Nikifundisha fonolojia na nikitaka kuwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa kwanza maneno mawili yanayotofautiana kwa sauti moja tu, huandika ubaoni "kura" na "kula". Darasa zima huangua kicheko kabla sijasema neno. Kwa wengi wetu, kulingana na lugha tulizonyonya na maziwa ya mama, sauti hizo mbili hukaribiana mno, na wanasiasa nao wameturahisishia kazi ya kuzichanganya.

Sasa nije kwenye lugha ya fomu, ambayo ndiyo hasa iliyonishikisha kalamu. Wakati wa kampeni hakuna mwanasiasa wa kitaifa anayesimama juu ya gari mjini Nakuru au Kisii na kuomba kura kwa Kiingereza. Huomba kwa Kiswahili, na pale Kiswahili kinapompiga chenga huongeza utani na nyimbo. Ahadi zote tunazozikumbuka tumepewa kwa Kiswahili. Baada ya kuapishwa, mambo hubadilika. Mswada huandikwa kwa Kiingereza, bajeti huandikwa kwa Kiingereza, tangazo la zabuni, ilani ya kubomolewa nyumba, masharti ya mkopo wa serikali na fomu ya basari, vyote huja kwa Kiingereza. Mwananchi anayeelewa vizuri alivyoahidiwa haelewi alivyonyimwa.

Tabia ya karatasi kumtawala anayeibeba hatukuianza sisi. Wakoloni walipitisha sheria ya kuwasajili Waafrika mwaka 1915, na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza wakaanza kuitekeleza. Mwanamume Mwafrika aliyetimiza umri wa miaka 16 alilazimika kubeba kipande, aghalabu ndani ya kijaluba cha chuma kilichoning'inia shingoni. Ndani yake mliandikwa ameajiriwa na nani, kwa mshahara gani na ameruhusiwa lini kuondoka. Wengi waliokibeba hawakuweza kuyasoma yaliyoandikwa juu yao. Kipande kiliondolewa katika miaka ya arubaini, lakini jina lake halikuondoka. Hadi leo ukiingia katika afisi nyingi utaambiwa "toa kipande", na ukikitoa utakuta kwamba mambo yako yanaandikwa katika lugha ambayo huenda huisomi.

Tungetarajia kwamba uhuru ungebadilisha jambo hili, na kwa muda mfupi ilionekana kana kwamba ungelibadilisha. Mwezi Julai 1974 Rais Jomo Kenyatta aliamuru kwamba Kiswahili ndicho kitakachotumiwa Bungeni, na Katiba ikarekebishwa mwaka huo huo. Wabunge waliozoea Kiingereza walijikuta wakipapasa maneno kama watu waliozimiwa taa. Hata hivyo Bunge halikuporomoka. Mwaka 1975 Katiba ilirekebishwa tena, na safari hii ikaelezwa kwamba miswada na maazimio ya fedha yaandikwe kwa Kiingereza, ingawa mjadala ungeendelea kwa Kiswahili. Mwaka 1979 lugha zote mbili ziliruhusiwa. Ninapowaeleza wanafunzi wangu historia hii huwaomba wakae kidogo kwenye ule mwaka wa 1975. Mdomo ulipewa Kiswahili, mfuko ukaachiwa Kiingereza. Kwa maoni yangu tungali tunaishi katika mwaka huo.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 ilileta matumaini mapya. Kifungu cha 7 kinasema kwamba lugha ya taifa ni Kiswahili, na kwamba lugha rasmi za Jamhuri ni Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili hakikuwekwa nyuma ya Kiingereza, kimetajwa mwanzo. Lakini ukiendelea kusoma hadi Kifungu cha 259, karibu na mwisho ambapo wasomaji wengi huwa wamechoka, utakuta kwamba pakitokea mgongano baina ya matoleo ya Katiba katika lugha tofauti, toleo la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Wanasheria wana hoja yao ya kulitetea jambo hili, na si hoja ya kipumbavu. Lazima pawe na andiko moja la kukata shauri. Mimi nauliza tu ni kwa nini shauri likatwe daima upande ule ule.

Mwaka 2018 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kuundwa kwa baraza la kitaifa la Kiswahili. Miaka mitano baadaye, katika makongamano, tulikuwa tungali tukilizungumzia kama bibi arusi ambaye yuko njiani. Jirani zetu wa Tanzania walianzisha BAKITA mwaka 1967.

Nikiuliza kwa nini fomu zisiandikwe kwa lugha zote mbili rasmi, hujibiwa kwamba istilahi hazitoshi. Jibu hili limechakaa. Kodi, ushuru, riba, dhamana, wasia, urithi, mkataba, mdai, mshtakiwa, rufaa, hukumu: ni lipi kati ya haya lililoundwa jana? Wafanyabiashara wa Lamu na Mombasa waliandikiana barua za biashara kwa Kiswahili, kwa hati za Kiarabu, kabla ya serikali hii haijawa na afisi hata moja. Zaidi ya hayo, fomu ya basari haihitaji istilahi. Inahitaji maneno "jina", "umri", "mzazi" na "karo".

Huambiwa pia kwamba maafisa wenyewe hawakimudu Kiswahili. Hili nalo halisimami. Tangu mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kimekuwa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za upili. Hesabu miaka, msomaji. Karibu kila aliye nyuma ya meza ya afisi leo aliketi kwenye dawati na kuandika insha ya barua rasmi kwa Kiswahili, akatiwa alama. Tumemfundisha miaka kumi na miwili kuandika barua ambayo mwajiri wake hataki aiandike. Walimu wa Kiswahili mnaosoma haya mnaijua vizuri hali ya mwanafunzi anayeuliza, "Mwalimu, barua hii tutamwandikia nani?"

Basi kama si istilahi na si ujuzi, ni nini? Mwishoni mwa miaka ya tisini, wakati wa mabishano juu ya nani airekebishe Katiba, Rais Daniel arap Moi aliuliza Wanjiku anajua nini kuhusu mambo ya Katiba. Swali lilikusudiwa kumaliza mjadala, lakini Wakenya waliliokota jina la Wanjiku na kulifanya jina la mwananchi wa kawaida, hadi leo. Wengi tulichekelea. Tulichosahau ni kwamba swali lenyewe liliendelea kuishi katika afisi, bila ya kutamkwa. Kila fomu isiyosomeka humwuliza Wanjiku anajua nini.

Mwaka 2024 alijibu. Mswada wa Fedha wa mwaka huo ulikuwa na mapendekezo mazito, miongoni mwayo ushuru wa asilimia 16 kwa mkate na kodi ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari. Uliandikwa, kama kawaida, kwa Kiingereza cha wanasheria, na wananchi wakaalikwa kutoa maoni yao. Mtu ataaminije kwamba maoni ya asiyeweza kusoma swali yanatafutwa kwa moyo safi? Lakini safari hii vijana, bila ya kuagizwa na wizara yoyote na bila ya kulipwa marupurupu, waliuchukua mswada ule, wakaufafanua kwa Kiswahili, kwa lugha za mama na kwa lugha ya ishara, na kuusambaza katika mitandao ya kijamii. Waliifanya kazi hiyo kwa muda mfupi, na wengi wao walitumia simu zao tu. Kilichofuata kinajulikana. Tarehe 25 Juni 2024 wabunge waliupitisha mswada, waandamanaji wakaingia katika majengo ya Bunge, na watu kadhaa wakauawa kwa risasi. Kesho yake Rais William Ruto alitangaza kwamba hatautia sahihi.

Sipendi kuitaja siku ile kama mfano wa ushindi wa lugha. Kuna wazazi waliozika watoto wao, na miongoni mwa vijana waliokuwa barabarani walikuwamo wanafunzi wa vyuo vikuu vyetu. Ninaitaja kwa sababu ilivunja kisingizio kimoja moja kwa moja. Kazi ambayo serikali yenye mawaziri, makatibu wa wizara na wafasiri wa kuajiriwa ilisema ni ngumu na ghali ilifanywa na vijana wasio na afisi. Na matokeo yake yanaeleza kwa nini haikuwa imefanywa mapema. Mwananchi aliyeelewa mswada hakuhitaji mheshimiwa wa kumwelezea, na maelezo ya waheshimiwa, yalipowekwa kando ya mswada wenyewe, hayakulingana nao.

Sharti niwe mwadilifu hapa, maana wako wapenzi wa Kiswahili wanaodhani kwamba tukibadili lugha, afisi zitatakata zenyewe. Tanzania ilipitisha sheria mwaka 2021 ya kufanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na fomu za afisi zao nyingi zimekuwa za Kiswahili kwa miaka mingi. Muulize Mtanzania yeyote kama hajawahi kuambiwa aje kesho. "Njoo kesho" ni Kiswahili fasaha kabisa, na kauli ya kutendeka, ambayo nimeisengenya tangu mwanzo wa makala haya, haikukopwa kutoka Uingereza. Lugha inayosomeka haimfanyi karani kuwa mwaminifu. Inachofanya ni kumpa mwananchi uwezo wa kumshika kwa maneno yake: hapa pameandikwa siku kumi na nne, na leo ni ya ishirini. Asiyeweza kusoma siku kumi na nne hana la kumshika nalo.

Wala tusidhani kwamba mashine zitatuokoa. Huduma nyingi sasa zimehamishiwa katika mtandao wa eCitizen, na kwa aliyesoma, kuna nafuu kubwa. Mimi mwenyewe hushukuru kila ninapoepuka benchi. Lakini nenda katika soko lolote la kaunti uone kijana mwenye tarakilishi katika kibanda chake, na foleni ya wazee nje. Anawajazia, kwa malipo, kile wanachotakiwa kujaza bure. Anajua nywila zao na tarehe zao za kuzaliwa. Wengi wa vijana hao ni waungwana wanaojitafutia riziki ya halali, wala siwalaumu. Ninaloliona ni kwamba yule mtu wa katikati, ambaye tuliambiwa mashine ingemwondoa, amehamia tu upande wa pili wa barabara.

Miaka michache iliyopita idara moja ya serikali, ambayo sitaitaja, ilitualika wahadhiri na walimu kadhaa tutafsiri baadhi ya fomu zake. Tulipelekwa katika hoteli kando ya ziwa. Kwa siku nne tulifanya kazi kwa bidii, na tulibishana kama wanaisimu wanavyobishana. Tulitumia saa nzima kuamua baina ya "mwombaji" na "muombaji". Tulimaliza. Hotuba zilitolewa, picha zikapigwa, tukaahidiwa kwamba fomu zingezinduliwa mwezi uliofuata. Hazikuzinduliwa. Nilipokwenda kuulizia, niliambiwa kwamba jambo hilo "linashughulikiwa". Niliona huo kuwa ustaarabu kidogo, maana angalau kitenzi kilikuwa katika kauli ya kutendwa, ingawa mtenda hakutajwa.

Nilipoulizia mara ya tatu, ofisa mmoja wa makamo, mtu mpole ambaye nadhani alichoka kunidanganya, alinifungia mlango na kunieleza ukweli. "Daktari," aliniambia, "mambo ni mawili. La kwanza, wakubwa wawili hawajakubaliana ni nani atakayezizindua, kwa sababu uchaguzi unakaribia na kila mmoja angetaka ajulikane kuwa ndiye aliyewaletea wananchi fomu za Kiswahili. La pili, tukizitoa, watu watazijaza wenyewe. Tutapata maombi mara tatu ya tunayopata sasa, na fedha ni zile zile." Nilimshukuru kwa unyofu wake. Maafisa wa namna yake wako wengi kuliko tunavyodhani, na wengi wao hustaafu bila ya kuwahi kuulizwa wanajua nini.

Maneno yake ya pili yamenikaa moyoni kuliko ya kwanza. Ugomvi wa kuzindua ni uroho wa kawaida, tumeuzoea. Lakini lile la maombi kuongezeka lina maana kwamba Kiingereza cha fomu si uzembe wala masalia ya ukoloni yaliyosahauliwa mezani. Kinafanya kazi. Ni chekecheke. Fedha zikiwa haba, serikali inayowajibika ingesimama mbele ya wananchi na kusema wazi ni nani watakaopewa kwanza na kwa kigezo gani, kisha ikubali kulaumiwa. Badala ya hivyo tumeiachia lugha iwachuje watu kimya kimya, na wanaochujwa wa kwanza ndio hasa ambao fedha hizo zilitengwa kwa ajili yao. Ajuza wa kisanduku cha mapato alichujwa hivyo, hadi alipokutana na msaidizi wa mheshimiwa uwanjani. Na wale ambao siku ile hawakuwa na nauli ya kwenda uwanjani? Mwalimu aliniambia kwamba wawili kati ya wanafunzi wake waliacha shule muhula huo.

Nina pendekezo kwa walimu wa Kiswahili wa shule za upili, na halihitaji kibali cha wizara. Kifungu cha 119 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge lishughulikie jambo lolote lililo chini ya mamlaka yake, ikiwa ni pamoja na kutunga au kurekebisha sheria. Utaratibu wa maombi hayo uliwekwa na sheria ya mwaka 2012, nao unaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili au kwa Kiingereza, kwa mkono au kwa mashine, mradi lugha yake iwe ya heshima na staha. Kila mwaka tunawapa wanafunzi zoezi la barua rasmi kwa meneja wa kampuni ambayo haipo, wakiomba kazi ambayo haijatangazwa. Mwaka huu wapewe fomu ya basari ya eneo lao. Waitafsiri, wajadiliane juu ya kila swali, hata lile la mapato. Kisha waandike ombi kwamba kila fomu ambayo serikali humtaka mwananchi aijaze itolewe katika lugha zote mbili rasmi, na tafsiri yao waiambatishe kama kielelezo. Anwani ya kuandika upande wa mpokeaji ni Karani wa Bunge la Kitaifa, S.L.P. 41842, Nairobi.